Nyumba Yenye Laivu Mbili: Kubadilisha Fyuzi Boksi Penye Umeme wa Bei ya Usiku

Fleti nyingi za Uingereza ambazo hazina gesi zinapashwa joto na hita zenye matofali mazito ndani yake. Usiku, umeme ukiwa rahisi, matofali yanapata moto. Mchana yanauachia moto huo kidogo kidogo mpaka jioni. Mpango wa bei unaoendesha haya yote unaitwa Economy 7. Ulianza 1978, na hiyo 7 ni idadi ya saa za usiku ambazo uniti inauzwa kwa bei ya chini. Mchana unalipa zaidi ya jirani yako mwenye bei moja, na hakuna wa kukuonea huruma.

Mimi nakaa kwenye fleti ya aina hiyo. Nilipoamua kubadilisha fyuzi boksi, kila niliyemwambia alinijibu vilevile: kazi ya siku moja hiyo, mwite fundi, toa la zamani weka jipya. Ingekuwa nyumba ya kawaida ningekubaliana nao. Lakini nyumba ya bei mbili mara nyingi ina laivu mbili, yaani nyaya mbili zinazoleta umeme ndani. Moja iko saa zote, nyingine inakuja usiku na kuondoka asubuhi. Na kwa nilivyoona, karibu kila kinachoharibika katika kazi hii kinaharibika kwa sababu kuna mtu ameisahau ile ya pili.

Kwangu kulikuwa na maboksi mawili ya rangi ya maziwa ndani ya kabati dogo la mlangoni, yamepigiliwa kwenye kipande cha ubao. La juu lilikuwa la taa, soketi na jiko. La chini lilikuwa la hita na tangi la maji ya moto. Ndani hapakuwa na breka hata moja. Zilikuwa zile fyuzi za zamani za kufunga waya, kila moja na doa lake la rangi: jeupe ni ampea 5, la bluu 15, la manjano 20, jekundu 30. Ukichomoa moja unakuta waya mwembamba umebanwa kwa skrubu mbili. Waya ukikatika unafunga mwingine, na ubaya uko hapo, kwa sababu hakuna kinachomzuia mtu kufunga mnene kuliko unavyotakiwa. Fyuzi moja ya hita ilikuwa na doa la bluu, lakini waya uliokuwa ndani ungeweza kubeba jiko. Aliyekaa pale kabla yangu alichoka fyuzi kukatika, akaitafutia dawa.

Sasa mita. Ile ya nyumba za kawaida ina matundu 4 ya nyaya chini yake: laivu na nyutro (waya wa kurudisha umeme) zinazoingia, laivu na nyutro zinazotoka. Yangu ina 5. La tano ni la laivu ya usiku peke yake. Ndani ya mita kuna swichi inayofunga saa ikifika, na boksi la chini linapata umeme. Kwangu ni kuanzia saa 6:30 usiku mpaka saa 1:30 asubuhi. Unaisikia kabisa: ta! moja kavu kabatini, halafu baada ya muda hita zinaanza kutoa milio midogo, bati zake zikitanuka. Kiangazi Waingereza wanasogeza saa zao mbele, lakini saa ya mita yangu haisogei, kwa hiyo muda wa bei rahisi unakuwa saa 7:30 usiku mpaka saa 2:30 asubuhi. Wako watu wanaotega mashine ya kufulia saa 6:30 usiku mwaka mzima, na kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba saa nzima ya kwanza wanailipia bei ya mchana.

Si kila nyumba ya Economy 7 iko hivi. Nyingine zina mita ya matundu 4 inayohesabu namba mbili, na hita zinawashwa na taima zake zenyewe. Hapo boksi ni moja na kulibadilisha hakuna tofauti na kwingine. Kwa hiyo kabla ya kumpigia fundi simu, fungua kabati uhesabu nyaya nene zinazotoka kwenye mita kuelekea upande wako. Zikiwa 2, una laivu moja. Zikiwa 3, endelea kusoma.

Fundi wangu ni kijana wa Tanga aliyesomea kazi hukuhuku na kusajiliwa hukuhuku. Alikuja kukagua asubuhi, akafungua swichi ya hita ya sebuleni, akaweka testa. Hakuna kitu. Akanigeukia.

"Dada, hapa sijazima chochote, na testa inasema hakuna umeme. Ukiniuliza kama naweza kushika, jibu ni hapana."

Mafundi wana utaratibu wa kupima ambao hawauruki: testa inapimwa kwanza mahali panapojulikana pana umeme, kisha pale unapotaka kufanya kazi, kisha inarudishwa penye umeme kuhakikisha haikufa mkononi katikati ya shughuli. Kwenye waya wa kawaida utaratibu huo unakupa jibu. Kwenye laivu ya usiku, ukipima mchana, unakupa jibu sahihi kwa swali lisilo lako. Ni kweli hakuna umeme sasa hivi. Lakini umeondolewa na saa, na saa si ya kwako. Mita ikiwa inaongozwa kutoka nje, inaweza kuurudisha umeme wakati wowote kampuni inapopanga. Na ipo mipango mingine ya bei inayotoa saa chache za bei rahisi mchana pia. Kinachomlinda fundi ni swichi kuu ya boksi la usiku kuzimwa na kupigwa kufuli, hata kama ni saa sita mchana na jua linawaka.

Hita za kisasa zenye feni zinaongeza utata. Matofali yake yanachemshwa na laivu ya usiku, lakini feni na kile kikompyuta cha kuongoza joto vinahitaji umeme mchana kutwa. Kwa hiyo ndani ya bati moja zinaingia kebo mbili, kila moja kutoka boksi lake. Mtu anazima boksi la hita, anaona ameshajilinda, anafungua kifuniko, na volti 230 za feni zinamsubiri. Hapo panatakiwa swichi inayokata zote mbili kwa pamoja, na ikiwa ni swichi mbili, lebo inayosema waziwazi kuwa ni mbili. Lebo ni kitu ambacho watu wanakidharau. Kwenye nyumba hizi mimi ningeilipia kuliko rangi ya ukuta.

Swali lililonisumbua kuliko yote lilikuwa hili: kwa nini nisiifute kabisa hiyo laivu ya pili? Kila kitu kiingie boksi moja, hita zifungiwe taima, mambo yaishe. Wapo mafundi wanaokushauri hivyo, na kwa hita mpya zenye saa zake si ushauri mbaya. Kwa hita za zamani ni balaa. Hizo hazina saa. Zina kitufe cha kiasi cha moto wa kuingiza na kitufe cha kiasi cha kuutoa, basi. Zenyewe zinadhani kila umeme unaozifikia ni wa usiku. Ukizihamishia kwenye laivu ya saa zote zinaanza kula mchana, kwa ile bei ya juu, na utajua bili ikija.

Tena kuna hesabu ambayo kuunganisha maboksi hakuifuti. Soketi na jiko fundi huvipunguzia hesabu, kwa kuwa hakuna anayewasha vyote kwa pamoja. Hita za usiku hazina msamaha huo, zinawaka zote kwa mpigo. Hita ya kilowati 3.4 inavuta karibu ampea 15. Mimi ninazo 4, jumla karibu 59. Tangi la maji lina elementi mbili, na ile ya chini, inayochemsha tangi zima usiku, ni kilowati 3, yaani ampea 13. Tumeshafika 72, na bado hujahesabu friji wala mtu aliyekesha anapiga pasi. Fyuzi yangu kuu, ile ya nyumba nzima iliyo kabla ya mita, imeandikwa 100. Nafasi ipo, ila si ya kuchezea, na kuna nyumba nyingi ambazo fyuzi hiyo ni 60 au 80. Fundi akikupa bei ya boksi bila kukuuliza hita ni ngapi na za kilowati ngapi, mshukuru, utafute mwingine.

Nikaamua kubaki na laivu zote mbili. Kukabaki uchaguzi wa boksi. Yapo yanayouzwa kwa kazi hii hasa: boksi moja refu lenye swichi kuu mbili, upande huu mchana, upande ule usiku. Yanapendeza na hayali nafasi. Mimi sikulitaka. Ukizima swichi moja ukafungua kifuniko, nusu ya pili bado ina umeme inchi chache kutoka vidole vyako, na anayefungua kifuniko hicho baada ya miaka 20 hatakuwa na mimi pembeni wa kumkumbusha. Nilichukua maboksi mawili madogo, mbali mbali kidogo, kila moja na swichi yake inayokata laivu na nyutro. Fundi alicheka akasema nampotezea nafasi ya ukuta. Ukuta ni wangu.

Yote mawili ni ya chuma. Tangu Januari 2016 kanuni za nyaya, BS 7671, zinataka boksi la nyumbani liwe la kitu kisichoshika moto. Zima moto wa London walikuwa wameona moto mwingi ukianzia kwenye maboksi ya plastiki, na chanzo kikubwa kilikuwa waya usiokazwa vizuri: unalegea, unapata joto, plastiki inashika. Chuma kinauzuia moto usitoke, lakini hakikazi skrubu. Ndiyo maana nilifurahi kumwona kijana wangu anatoa bisibisi ya kupimia nguvu, ile inayotoa mlio ikifika kipimo ilichowekewa. Alikaza kila skrubu mpaka ikalia, kisha akaurudia mstari mzima tangu mwanzo, akivuta kila waya kwa vidole kabla ya kwenda kwa mwenzake.

Nyutro ndiyo ilimkalisha muda mrefu zaidi. Kwenye fyuzi za zamani haikuwa na maana sana nyutro ya hita imefungwa kwenye boksi lipi; zote zinarudi mahali pamoja kwenye mita, na fyuzi haijali. Breka za kisasa zinajali. Kila moja inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, tofauti ikifika milliampea 30 inakata. Sasa hita itoke kwa laivu ya boksi la usiku na irudi kwa nyutro ya boksi la mchana: breka inaona umeme umetoka haukurudi, inaruka. Na itaruka saa 6:30 usiku, siyo mbele ya fundi. Unaamka asubuhi nyumba ni barafu, unampigia, anakuja mchana, anapima, kila kitu kizuri. Kisa cha namna hii kinaweza kuzunguka wiki nzima bila mtu kuona chanzo. Kijana alizitoa nyutro zote, akazipima moja moja na kuzivika namba kabla hajafunga hata breka moja. Mbili zilikuwa kwenye boksi lisilo lake.

Kabla ya yote hayo, lakini, lilikuwepo suala la nani mwenye nini. Fyuzi kuu ni mali ya kampuni ya mtandao wa umeme wa eneo lako. Mita ni ya upande wa kampuni inayokuuzia umeme. Baada ya mita ndiyo yako. Vyote viwili vya mwanzo vina sili, yaani lakiri ya kuzuia visifunguliwe, na fundi wako hana ruhusa ya kuzikata, ingawa ukiuliza mtaani utaambiwa zinakatwa kila siku. Njia ya halali ni kuiomba kampuni inayokuuzia ije iweke swichi kati ya mita na maboksi, ili fundi aweze kuzima bila kugusa sili ya mtu.

Niliomba. Nikasema kwa simu, nikaandika kwa barua pepe: mita ina matundu 5, laivu zinazotoka ni mbili. Akaja bwana mpole sana na swichi ya kawaida, inayokata laivu moja na nyutro. Ingeacha laivu ya usiku inapita pembeni bila kukatwa na chochote. Alipoona mita alikuna kichwa. Kinachotakiwa pale ni swichi ya nguzo tatu, yaani ya kukata nyaya tatu kwa mpigo, laivu mbili na nyutro moja, na ofisini hakuna aliyemwambia. Akaondoka, nikaanza foleni upya. Ukipiga simu, usiseme tu "nataka swichi". Wapigie picha mita, watumie, na usikubali tarehe mpaka mtu aseme kwa maandishi kuwa anayekuja atabeba ya nguzo tatu.

Siku ya kazi yenyewe haina mengi ya kusimulia. Kuzima, kupiga kufuli, kupima, kutoa, kufunga. Waya wa ethi wa zamani unaokwenda kwenye bomba la maji ulikuwa mwembamba, ukabadilishwa na wa milimita mraba 10. Kikaongezwa kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla usiunguze vyombo.

Kilichonivutia kilikuwa vipimo vya mwisho. Baadhi vinafanywa umeme ukiwa umezimwa, hivyo havina shida. Lakini kuna vile vinavyohitaji umeme uwepo: kujua breka inakata kwa muda gani ikigundua uvujaji, ambapo haitakiwi kuzidi milisekunde 300, na kujua ukinzani wa njia nzima ambayo umeme ungepita hitilafu ikitokea. Utavifanyaje kwenye boksi ambalo mchana halina umeme? Fundi mvivu anaandika namba za kubuni. Mwingine anarudi usiku wa manane. Wangu alizima kila kitu, akaliunganisha boksi la usiku kwa muda kwenye laivu ya mchana, akapima kila breka, akazima tena, akarudisha waya mahali pake na kukaza upya mpaka bisibisi ikalia. Kwenye fomu ya vipimo, mistari ya hita imejaa namba kama ile ya soketi. Ukipewa cheti cha nyumba ya bei mbili ambacho upande wa usiku una nafasi tupu, uliza kabla hujamaliza kulipa.

Cheti chenyewe si hiari. England na Wales, tangu 1 Januari 2005, kubadilisha fyuzi boksi ni kazi ya kuripotiwa chini ya sehemu ya P ya kanuni za ujenzi. Fundi aliyesajiliwa anairipoti mwenyewe na wewe unapata cheti cha kanuni za ujenzi. Asiyesajiliwa inabidi mpitie halmashauri, na gharama inapanda. Siku ukiuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi ataliulizia karatasi hilo kabla ya kuuliza kama paa linavuja.

Hita zikawaka usiku ule kama kawaida. Bili iliyofuata ikaja juu ajabu. Nilipoambiwa na kampuni kuwa huenda natumia sana mchana, nilisubiri usiku, saa 8, nikasimama mbele ya mita na tochi ya simu huku hita zote zinavuta. Mita ina namba mbili zinazobadilishana kwenye kioo. Iliyokuwa inapanda ni ile ambayo wao kwenye bili wameiandika "mchana". Aliyekuja kuweka swichi ndiye aliyezisoma, na njiani mpaka kwenye kompyuta yao zikapishana. Picha mbili, moja ya saa 8 usiku na moja ya mchana, zilimaliza ubishi ambao simu hazikuumaliza. Wakarudisha pesa.

Kama mita yako ni ya zile zinazoongozwa na redio, hesabu yako ina jambo moja zaidi. Swichi zake zilitengenezwa zifuate amri iliyorushwa pamoja na matangazo ya BBC ya masafa marefu, kilohezi 198, kutoka Droitwich kwa sehemu kubwa ya England na Wales. Mitambo hiyo imechakaa, na huduma ilianza kuzimwa kwa awamu kuanzia 30 Juni 2025. Amri isipofika, laivu ya usiku inaweza kubaki na umeme saa zote au kukosa umeme kabisa, na hita zinafuata. Kubadilisha boksi kabla ya kubadilisha mita ya namna hiyo ni kujitafutia kazi mara mbili. Mita za kisasa zenye matundu 5 zipo. Ukikuta mtu anataka kukuwekea ya 4 kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye gari, hita zako za zamani zitabaki bila bwana wa kuziwasha.

Kwangu kwenye boksi la mchana kumebaki nafasi mbili wazi. Kijana aliziacha makusudi, akasema siku nikinunua gari la umeme nitamshukuru. Chaja ya kilowati 7.4 inavuta ampea 32. Ongeza kwenye zile 72 za usiku, unapata 104 kwenye fyuzi ya 100, na muda wa kuchaji gari kwa bei rahisi ni uleule wa hita. Fyuzi haitakatika papo hapo kwa 4 za ziada. Itaendelea kubeba huku inapata joto saa nzima baada ya saa nzima, jambo ambalo naliona baya zaidi. Zipo chaja zenye kihisi kinachobanwa kwenye waya mkuu, zinapunguza zenyewe kasi ya kuchaji nyumba ikivuta sana. Bila hicho kihisi sitaki. Na hata nikiwa nacho, kampuni ya mtandao lazima iarifiwe.